Maslahi ya Madola Makuu katika Kuungana kwa Ujerumani

Kuungana kwa Ujerumani, yaani kukusanywa kwa falme, himaya ndogo na miji huru ya Kijerumani chini ya mfalme wa Prussia, kulitangazwa tarehe 18 Januari 1871. Mkutano wa Vienna wa 1815 ulikuwa umeunda Shirikisho la Ujerumani, muungano legelege ulioongozwa na Austria, ili kitovu cha Ulaya kisiangukie mikononi mwa dola moja. Kwa hiyo kila dola kuu lilijiona lina haki ya kusema.

Austria na Urusi

Austria ilikuwa nje ya Zollverein, umoja wa forodha ulioanza 1834 chini ya Prussia, na iliposhindwa na Prussia vitani Königgrätz tarehe 3 Julai 1866 ilitolewa kabisa katika mambo ya Ujerumani. Urusi haikuisaidia, kwani ilikuwa bado na kinyongo nayo tangu Vita vya Krimea, na ilitaka kujivua sharti la mkataba wa 1856 uliomaliza vita hivyo, lililoinyima manowari katika Bahari Nyeusi. Sharti hilo ililikana Oktoba 1870, wakati Paris imezingirwa na majeshi ya Wajerumani katika vita vya Ufaransa na Prussia.

Ufaransa

Napoleon wa Tatu alitarajia vita virefu kati ya Prussia na Austria, ambavyo vingempa nafasi ya kuuza upatanishi wake kwa bei ya juu, lakini vilikwisha ndani ya wiki saba. Akabaki kudai fidia kama mgeni aliyechelewa karamuni. Balozi wake mjini Berlin, Vincent Benedetti, aliandika kwa mkono wake mwenyewe rasimu ya mkataba ambao ungeiachia Ufaransa Ubelgiji, nayo ikubali muungano wa Wajerumani. Otto von Bismarck, waziri mkuu wa Prussia, hakuikubali wala hakuirudisha: aliiweka. Tarehe 25 Julai 1870, siku sita baada ya Ufaransa kutangaza vita dhidi ya Prussia, karatasi hiyo ilichapishwa katika gazeti la The Times la London, na huruma yoyote ya Waingereza kwa Ufaransa ikapoa.

Uingereza

Uingereza iliridhika na mikataba ya Agosti 1870 ya kulinda Ubelgiji, mmoja na Prussia na mwingine na Ufaransa.

Matokeo

Kwa Mkataba wa Frankfurt wa 10 Mei 1871 Ufaransa ilipoteza Alsace na sehemu ya Lorraine, ikatozwa faranga bilioni 5. Majimbo hayo ilirudishiwa kwa mkataba wa 1919, uliotiwa saini Versailles katika Ukumbi wa Vioo uleule ambamo dola la Ujerumani lilikuwa limetangazwa.