Historia Iliyomo katika Mkate wa Ndizi

Mwanafunzi mpendwa, pengine wadhani kuwa historia hukaa katika vita, mikataba na majina ya wafalme tu. La, hukaa jikoni pia. Chukua mkate wa ndizi, ule ukatwao vipande asubuhi ukaliwa kwa chai. Maelezo ya kuuoka hayazidi mistari michache: ponda ndizi zilizoiva sana, changanya na mayai, sukari na siagi, tia unga wa ngano na magadi ya kuokea, mimina rojo katika chombo kilichopakwa mafuta, kisha oka kwa muda wa saa moja hivi. Lakini mistari hiyo ilichukua zaidi ya miaka mia moja kukamilika, na kila mmoja una habari yake.

Na tuanze na magadi. Hapo kale aliyetaka mkate ulioumuka alitegemea hamira, na hamira haipendi haraka. Kinyunya hungojewa saa nyingi. Mwishoni mwa karne ya 18 wapishi wa Marekani walianza kutumia chumvi iliyotolewa katika majivu ya kuni. Amelia Simmons aliitaja katika kitabu chake cha mapishi kilichopigwa chapa mwaka wa 1796. Katika karne iliyofuata, magadi yaliyosafishwa viwandani yalichukua mahali pa majivu. Magadi hayo yakikutana na kitu kichachu, kama maziwa lala, hutoa hewa, na hewa hiyo huinua rojo. Jambo hili lisitushangaze sisi wa Kenya, kwani magadi ya Ziwa Magadi ni ndugu wa yale ya kuokea, na bibi zetu huyatumia kulainishia mboga. Faida yake ilikuwa kubwa: mama aliyeamka alfajiri aliweza kuoka mkate kabla watu wa nyumbani hawajatawanyika.

Jambo la pili ni kipimo. Mapishi ya kale mara nyingi yalimwambia mpishi atie unga wa kutosha, bila kueleza utoshao ni upi. Aliyefundishwa na mamaye alielewa, mgeni alipotea. Mwaka wa 1896 Fannie Farmer, mkuu wa shule ya upishi mjini Boston, alitoa kitabu kilichosisitiza vikombe na vijiko vilivyosawazishwa juu. Kwa njia hiyo ujuzi uliweza kusafiri mbali na mwenyewe.

Sasa tuitazame ndizi. Asili yake ni kusini-mashariki ya Asia na New Guinea, nayo ilifika Afrika zamani sana. Lakini kwa Wamarekani wengi ilikuwa tunda adimu mpaka meli zilipoanza kuileta kwa wingi. Mwaka wa 1870 nahodha Lorenzo Dow Baker alipakia mikungu kutoka Jamaica, na mwaka wa 1899 ikaundwa kampuni ya United Fruit, iliyotawala mashamba makubwa ya Amerika ya Kati na Kolombia. Ndizi ikawa rahisi sokoni. Lakini urahisi huo ulilipiwa na wengine. Mnamo Desemba 1928 vibarua wa mashamba ya kampuni hiyo huko Kolombia waligoma wakidai hali bora ya kazi, na jeshi likawapiga risasi katika mji wa Ciénaga. Idadi ya waliokufa yabishaniwa hata leo.

Mwaka uliofuata biashara ya Marekani ilianguka, na ufukara ukaingia nyumba nyingi. Ndizi yenye ganda jeusi, ambayo wanga wake umekwisha kugeuka sukari, haikufaa tena kutupwa. Wenye viwanda vya unga nao walitafuta wanunuzi. Kijitabu cha mapishi cha kampuni ya Pillsbury cha mwaka wa 1933 kilikuwa na mkate wa ndizi. Hivyo uangalifu wa mama na tamaa ya mfanyabiashara vilikutana katika chombo kimoja.

Wala mambo hayakuishia hapo. Ndizi iliyouzwa wakati ule iliitwa Gros Michel. Ugonjwa wa kuvu iliyo ardhini uliiangamiza katika mashamba makubwa, na kufikia miaka ya 1960 aina ya Cavendish ilikuwa imeshika nafasi yake katika biashara ya ng'ambo. Anayeoka leo mjini Boston kwa maneno yale yale ya 1933 hapati ladha ile ile. Lakini huko Uganda Gros Michel ingali ikiliwa, nayo huitwa bogoya.

Basi, msomaji, usomapo maelezo ya chakula chochote, uliza mambo matatu: ni kitu gani kipya kilichowezesha chakula hicho, ni nani aliyepata faida, na ni nani aliyelipa. Kisha mwulize bibi yako namna apikavyo chakula cha kwenu, upime kila anachotia, uandike. Unga wa kutosha anaoujua yeye haumo katika kitabu chochote.