Seli za Kinga katika Hali ya Kutokuwa na Uzito

Uchunguzi wa seli za kinga katika hali ya kutokuwa na uzito ni tawi la biolojia ya anga linalouliza swali gumu: je, seli isiyoonekana kwa macho huhisi mvutano wa Dunia?

Magonjwa ya wanaanga ndiyo yaliyozua swali hilo. Kati ya watu 29 waliosafiri katika mpango wa Apollo wa Marekani, 15 walipata maambukizi ya bakteria au virusi wakiwa safarini au muda mfupi baada ya kurudi. Fred Haise wa Apollo 13 aliugua maambukizi ya njia ya mkojo mwaka 1970, chombo chake kikiwa kimeharibika na maji ya kunywa yakigawiwa kidogo kidogo. Lakini mwanaanga hulala vibaya, hupigwa na mionzi, huishi kwa wasiwasi. Kipi hasa kilichoidhoofisha kinga yake?

Mwanasayansi Augusto Cogoli wa Uswisi aliamua kuzitoa seli nje ya mwili. Mwaka 1983, ndani ya maabara ya angani ya Spacelab, limfosaiti za binadamu, aina ya seli za kinga, zilitiwa konkanavalini A, protini inayozichochea zigawanyike. Mwitikio wao haukufika hata asilimia 3 ya ule wa seli zilizobaki ardhini. Mwaka 1985 aliongeza mashine ya kuzungusha, iliyozipa baadhi ya seli nguvu sawa na mvutano wa Dunia humo humo angani. Hizo ziliitikia, za jirani zilizoelea zikabaki zimezubaa. Mionzi na mitikisiko ilikuwa ile ile kwa zote. Jaribio la kwanza ndilo linalotajwa sana, ila hili la pili ndilo lililojibu swali.

Millie Hughes-Fulford, mwanabiolojia aliyeruka mwenyewe mwaka 1991, aliendeleza kazi hiyo kwa kufuatilia jeni ambazo seli T, aina ya limfosaiti, hushindwa kuziwasha zinapokosa uzito.

Mwilini athari huonekana kwa njia nyingine. Virusi vya tetekuwanga, ambavyo hujificha kwenye neva kwa miaka mingi na kuweza kuleta mkanda wa jeshi, vimekutwa kwenye mate ya wanaanga, mara nyingi bila dalili yoyote.

Hata hivyo si seli zote zinazolegea kwa muda mrefu. Katika jaribio la mwaka 2015 kwenye Kituo cha Anga cha Kimataifa, makrofaji, seli zinazomeza vijidudu, zilivurugika uzito ulipotoweka, kisha zikarejea katika utendaji wao wa kawaida ndani ya sekunde 42.