Mshipa wa Kwapani na Kifua cha Mama

Leo tutazungumza juu ya historia: jinsi madaktari walivyojifunza kurekebisha kifua cha mama aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani.

Kwanza tuuelewe mwili. Ngozi haiishi bila damu. Titi hupata damu kutoka pande tatu. Mshipa mmoja hupita ndani ya kifua, kando ya mfupa wa kidari. Mingine hutoka kwapani. Mingine midogo hupita kati ya mbavu. Kutoka kwapani pia hushuka mshipa unaolisha msuli mpana wa mgongo, ule tunaoutumia tukivuta kamba ya ndoo kisimani. Ukumbukeni mshipa huo.

Mwaka wa 1889, Carl Manchot, mwanafunzi wa udaktari mjini Strasbourg, alichapisha kitabu kilichoonyesha mishipa inayolisha ngozi ya mwili mzima. Mwaka wa 1894, Dkt. William Halsted wa Baltimore, Marekani, alieleza upasuaji wa kuondoa titi pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Upasuaji huo ulienea sana, lakini uliacha jeraha kubwa.

Nchini Italia, Dkt. Iginio Tansini alitaka kulifunika jeraha hilo. Mwaka wa 1896 alieleza jinsi ya kusogeza ngozi ya mgongoni hadi kifuani. Lakini mara nyingi ncha ya ngozi hiyo ilikufa. Kwa nini? Damu haikuifikia. Basi mwaka wa 1906 akaeleza njia mpya: ngozi isogezwe pamoja na msuli wake, na mshipa unaotoka kwapani usikatwe. Ngozi ikaishi!

Mama mkulima ataelewa upesi. Mmea wa malenge ukitambaa, waweza kuuvutia upande wa pili wa ua na majani yakabaki mabichi, mradi hukuukata kwenye mizizi.

Kwa bahati mbaya, Dkt. Halsted alipinga ufundi wa namna hiyo, akiona kwamba unaingilia vita dhidi ya saratani. Sauti yake ilikuwa kubwa, na kazi ya Tansini ikasahauliwa kwa miaka mingi. Hasara ilikuwa ya nani? Ya akina mama. Mwaka wa 1976, Dkt. Neven Olivari wa Ujerumani alieleza tena matumizi ya msuli ule ule kwa vifua vilivyoharibiwa na miale ya matibabu. Mwaka wa 1977, madaktari wa Marekani wakaeleza jinsi ya kuutumia kuunda titi upya. Miaka 70 hivi ilikuwa imepita.

Mama mpendwa, historia hii inatufundisha nini?

Kwanza, kuondolewa titi si mwisho wa kuwa mwanamke. Titi linaweza kuundwa upya kwa wagonjwa wengi, ingawa huduma hii haipatikani katika kila hospitali.

Pili, uliza mapema. Kabla ya kupasuliwa, mwulize daktari: "Je, ninaweza kurekebishwa kifua baadaye?" Akijua mapema, ataupanga upasuaji akiifikiria mishipa hiyo. Mweleze pia kama umewahi kupasuliwa au kuchomwa kwa miale kifuani, kwapani au mgongoni.

Tatu, epuka sigara na ugoro. Tumbaku hubana mishipa ya damu, na kidonda huchelewa kupona.

Nne, na hili ni kubwa kuliko yote: ukiona uvimbe, ngozi iliyobonyea, au chuchu inayotoa damu, nenda kituo cha afya mara moja. Si kila uvimbe ni saratani, lakini kila uvimbe unahitaji kuchunguzwa. Usingoje maumivu, kwa maana saratani ya titi mara nyingi huanza bila maumivu.

Mwambie jirani yako uliyoyasikia leo. Hadi tukutane tena, kaeni salama.