Kofia za Viua: Kutoka Unguja hadi Jeddah

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, baadhi ya jamaa zetu walihama Unguja wakafika Jeddah, wameacha nyumba na mashamba. Ufundi wa mkono haukuachwa. Mabibi waliwashonea watoto kanzu kwa cherehani, na kofia za viua kwa sindano: duara ya juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, kila tundu likizungushiwa uzi. Kazi hiyo ilichukua majuma. Huko Omani kofia hiyo huitwa kumma, na ingali ikivaliwa. Wajukuu zetu wa Riyadh huvaa za dukani. Marehemu mama aliniachia kofia moja ya kitoto: nusu imeshonwa, nusu ni alama za kalamu tu. Sijampata katika ukoo wa kuimaliza. Enyi jamaa, mwenye bibi aliye hai na aketi naye ajifunze.