Mpira wa Magongo Chini ya Mlima Meru

Mwaka 1980 timu yetu ya taifa ya mpira wa magongo ilikwenda Olimpiki ya Moscow, ikafungwa na India mabao 18 kwa 0. Hao India ndio waliotwaa dhahabu.

Mwaka uliofuata, nikiwa mwalimu kijana wa shule ya msingi kwenye miteremko ya Meru, nilianza kuwafundisha watoto wa darasa la tano. Magongo tulichonga wenyewe kwa matawi yaliyopinda. Kila mtoto alitaka kupiga kwa nguvu (nami nilikuwa hivyo hivyo shuleni kwetu!), na mpira ukaishia kwenye mibuni.

Nikapiga marufuku kupiga. Kusukuma tu: mkono wa kushoto juu ya gongo, wa kulia chini yake, mguu wa kushoto mbele. Sheria hairuhusu kuukinga mpira kwa mwili, basi mchoyo wa pasi hunyang'anywa upesi.

Wavulana walinung'unika wiki nzima. Kisha binti mmoja mfupi, ambaye hawakumtaka upande wao, akausukuma mpira kupandisha mteremko, ukapita katikati ya watatu, ukatua gongoni kwa mwenzake. Kesho yake walimgombea.