Swala Gani, Pori Lipi

Tanzania ardhi yote ni ya umma. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema hivyo bila kuzungukazunguka: Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya wananchi wote. Kiwanja cha ghorofa pale Kirumba ni ardhi ya umma, shamba la pamba Magu ni ardhi ya umma, na mbuga za Serengeti vilevile. Basi kijana wa Pasiansi aliyetazama video za Wamarekani wa Wyoming, mzigo mgongoni na bunduki begani, akaanza kupanga naye akawinde swala mwenyewe "kwenye ardhi ya umma", ameshika neno lisilompeleka popote. Wyoming kuna ardhi ya serikali kuu ambayo raia mwenye kibali huingia na hema lake, akawinda, akarudi. Kwetu neno hilohilo limefunika nchi nzima, na kinachofunika kila kitu hakichagui kitu.

Tena yule "swala" anayewindwa kwenye video hizo za Wyoming si swala. Ni mnyama aliyebaki peke yake katika ukoo wake, na jamaa zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi. Wahamiaji kutoka Ulaya walimbandika jina la mnyama waliyekuwa wakimjua, mambo yakaishia hapo. Tusiwacheke mapema.

Maneno yatakayomfaa kijana wetu ni ya pori, na hayo yanafundishwa hatua chache kutoka kwao. Taasisi ya Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi ipo hapa Ilemela, Mwanza, tangu 1966. Wanaopita kwenye barabara ya uwanja wa ndege wanaijua kwa sare na gwaride, lakini askari wa wanyamapori anayetoka pale anabeba pia msamiati. Anajua kwamba hifadhi ya taifa ni kitu kimoja, pori la akiba ni kingine, pori tengefu ni kingine, na eneo la wazi ni kingine kabisa, hata kama kwa macho yote ni migunga na nyasi kavu.

Neno ninalolipenda hapo ni akiba. Aliyelichagua, awe nani, alikuwa na sikio. Akiba ya unga huwekwa ili ije iliwe. Hakuna anayeweka akiba ya kutazama. Pori la akiba, kama Maswa kule Simiyu au Grumeti na Ikorongo mkoani Mara, limetunzwa kwa matumizi: mna vitalu, mna leseni, mna idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kuvunwa. Hifadhi ya taifa inahifadhi tu, na bunduki ya mwindaji haina mlango. Kwa hiyo neno likibadilika, pori limebadilika. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, magharibi mwa Ziwa Victoria, yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato. Miti ni ileile na wanyama ni walewale, ila akiba imeondoka kwenye jina, na leseni ikaondoka nayo.

Pori tengefu ni gumu zaidi. Limetengwa, lakini limetengwa na nani? Kwa miaka mingi watu waliishi na kuchunga ndani ya mapori tengefu huku wanyama tu ndio wakihesabiwa kuwa wametengwa. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 ilipokaza kamba juu ya malisho, tengefu ikaanza kumaanisha kile ilichokuwa ikikisema siku zote. Kwenye pori tengefu la Loliondo ndiko ugomvi wa neno hilo ulikosikika kwa sauti kubwa kuliko kwingine. Mwaka 2022 sehemu yake ikawa Pori la Akiba la Pololeti.

Eneo la wazi, kwa mtu wa mjini, ni uwanja wa mpira ambao halmashauri imeuacha kwenye ramani na watu wameanza kuujengea fremu za maduka. Kwa mtu wa wanyamapori ni ardhi iliyo nje ya hifadhi ambako wanyama wapo na uwindaji unaweza kuruhusiwa. Mwenyeji mwenye kipato cha kawaida ahangaike na hili kwanza, kwa kuwa vitalu vya mapori ya akiba hukodishwa kwa kampuni za uwindaji wa kitalii.

Nimesema mwenyeji, na hilo nalo ni neno la kiserikali. Kuna uwindaji wa kitalii na kuna uwindaji wa wenyeji. Mtalii huongozwa na mwindaji bingwa, cheo cha kisheria chenye mtihani wake. Si sifa za kijiweni. Mwenyeji hana haja ya bingwa. Lakini mwenyeji wa wapi? Mtu wa Pasiansi anayekwenda Meatu ni mgeni kule. Mwenyeji wa pori la huko ni mchungaji anayelala jirani nalo na asiye na bunduki wala hela ya leseni. Kwenye fomu, mgeni ndiye mwenyeji.

Na "mwenyewe" ya kijana wetu haipo kwenye fomu yoyote. Bunduki ina kibali chake chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015. Leseni inatoka TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, iliyoundwa kwa amri ya mwaka 2014. Msimu hufunguliwa Julai, nyasi zikiwa zimelala na maji yamebaki mahali pachache. Haruhusiwi kufyatua akiwa ndani ya gari, wala kumulika usiku, wala kutega nyaya, wala kuweka sumu. Zamani mambo haya yote yalikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyeitwa Bwana Nyama, mwenzake Bwana Shamba na Bwana Mifugo. Wazee vijijini bado wanamwita hivyo ofisa wa wanyamapori, cheo chake kiwe kimebadilika mara ngapi. Jina hilo halikutofautisha mnyama na kitoweo. Kiswahili cha ofisi kinajitahidi: wanyamapori kwa walio hai, nyamapori kwa walio sufuriani. Silabi moja tu, ndiyo iliyobeba uhai.

Sasa swala. Leseni haiandikwi "swala" ikaishia hapo, kwa sababu kila mnyama ana jina lake na bei yake. Swala pala na swala tomi angalau wanabeba jina la ukoo. Lakini nyamera, kongoni, pofu, kuro, tohe na taya nao wamo katika kundi ambalo Mzungu analiita kwa neno moja, na Mswahili hajawahi kuona sababu ya kuwaweka pamoja. Pofu ni mnyama mkubwa kama ng'ombe mwenye macho mazima. Korongo ni mnyama, ni ndege mwenye miguu mirefu, na ni bonde lililochimbwa na maji. Ukisema umeona korongo kwenye korongo, msikilizaji ana kazi. Yule wa vichakani mwenye madoa meupe ubavuni huitwa pongo, na wengine humwita mbawala au kulungu. Na kulungu wa huyu anaweza kuwa si kulungu wa yule. Nzohe, wa matete na vidimbwi, anaonekana vizuri Kisiwa cha Rubondo, ambacho ni hifadhi ya taifa tangu 1977, kwa hiyo huyo mtazame tu.

Hapa majina yanageuka kuwa sheria. Ni kosa kuua mnyama mchanga, au jike mwenye mimba au mwenye mtoto. Anayejifundisha kwa kusikia ataambiwa "piga mwenye pembe". Kwa swala pala ushauri huo unatosha, maana jike hana pembe. Kuro na nzohe vivyo hivyo. Kwa nyamera, kongoni na pofu ushauri huo ni hatari, kwa sababu majike nao wana pembe. Anayesema "swala" kwa wote hawezi kujua ni lini kanuni yake inamdanganya.

Mwislamu ana neno lake la kuongeza: kibudu, mnyama aliyekufa bila kuchinjwa. Mnyama akianguka, lazima kisu kiwahi.

Halafu nyama ikishakatwa inapata jina ambalo wengi hulisikia kwa mara ya kwanza mahakamani: nyara. Zamani nyara zilikuwa mali na watu waliotekwa vitani. Sheria ya wanyamapori imelichukua neno hilo kwa pembe, ngozi, meno, na hata nyama. Kwa kuwa wanyamapori wote ni mali ya umma chini ya Rais, kama ardhi ilivyo, nyara hizo ni za serikali. Shangazi aliyeletewa paja la pala kutoka Bariadi bila karatasi hatashtakiwa kwa kula kitoweo. Hati itasema amepatikana na nyara za serikali. Mwaka 2020 zilipotoka kanuni za mabucha ya nyamapori, ikawezekana paja hilohilo linunuliwe kwa kilo, kihalali. Shangazi atunze risiti.