Maganda ya risasi: uimara yanapojazwa upya

Ganda la risasi ni kikopo cha aloi ya shaba, kwa kawaida asilimia 70 ya shaba na asilimia 30 ya zinki, kinachobeba fataki, baruti na kichwa cha risasi. Baada ya mlio, ganda peke yake ndilo hubaki likifaa, na wapiga shabaha wengi, hasa Marekani, huliokota na kulijaza tena. Ni mara ngapi litahimili? Hakuna jibu moja, kwa sababu uhai wa ganda hutegemea bunduki na mjazaji kama unavyotegemea madini yenyewe.

Mfano ulio wazi kabisa ni risasi ya Kiingereza ya .303, iliyoingia jeshini mwaka 1888 na kutumika katika bunduki za Lee-Enfield, zikiwemo zile za askari wa King's African Rifles. Ganda lake lina ukingo kitakoni, na ukingo huo ndio unaolizuia lisizame ndani ya chemba. Chemba za bunduki hizo za vita zilichongwa kwa nafasi ya ziada, ili risasi yenye vumbi au tope isikwame. Risasi inapolia, kuta za ganda hutanuka na kuishika chemba, huku kitako kikisukumwa nyuma. Sehemu iliyo juu kidogo ya kitako huvutika na kuwa nyembamba. Mjazaji akilibana ganda zima katika kalibu, bega, yaani pale ganda linapopungua kuelekea shingoni, hurudi chini, na mlio unaofuata huivuta sehemu ileile tena. Katika chemba pana, ganda linaweza kukatika vipande viwili baada ya kujazwa mara chache tu, na kipande cha mbele kikabaki kimenasa. Akibana shingo peke yake, na ganda likarudi katika bunduki ileile, uhai wake huongezeka sana. Risasi ya .375 Holland & Holland ya mwaka 1912, inayojulikana sana kwa wawindaji wa Afrika Mashariki, ina tatizo la jinsi hiyo kwa sababu ya mkanda ulio juu ya kitako chake, unaofanya kazi ya ukingo.

Shinikizo nalo lina uzito. Kikomo cha viwanda vya Marekani kwa .38 Special ya bastola ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, kwa .303 ni 49,000. Maganda ya .38 yaliyojazwa baruti kidogo hurudiwa makumi ya mara.

Shingo hufa kwa njia nyingine. Kutanuka na kubanwa mara kwa mara huifanya shaba iwe ngumu, kisha ikapasuka kwa urefu. Kuipasha moto shingo pamoja na bega huilainisha tena. Kitako kisipashwe kamwe: kikilainika kinaweza kupasuka, na gesi yote ikamrudia mpigaji usoni.

Kemia pia huua maganda. Jeshi la Uingereza nchini India liliona risasi zilizohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi zikipasuka zenyewe majira ya masika. Mwaka 1921 watafiti walieleza sababu: amonia ya mkojo wa farasi, ikisaidiwa na unyevu, iliishambulia shaba iliyobaki na mkazo tangu kiwandani. Ndiyo maana dawa za kusafishia zenye amonia hazifai kwa maganda. Fataki za zamani zenye zebaki nazo ziliifanya shaba iwe kavu na yenye kuvunjika, hasa baruti isiyo na moshi ilipoanza kutumika, kwa kuwa masizi mengi ya baruti nyeusi hayakuwepo tena kuichukua zebaki hiyo.

Dalili ya ganda linalokaribia kukatika ni mstari unaong'aa kuzunguka upande wa nje, karibu na kitako. Kabla haujaonekana, waya uliopindwa ncha na kuburutwa ndani ya ganda hukwama kwenye mfereji uliokwisha kuanza. Tundu la fataki likilegea kiasi kwamba fataki mpya inaingia bila kusukumwa, ganda hutupwa hata kama kuta zake bado ni nzima.